Kabla Hujambloki Rafiki Yako: Historia Fupi ya Kubishana Kenya

UZI. Chukua chai, huu ni mrefu kidogo.

1/
Uchaguzi ukianza kunukia, swali moja hurudi kila mahali: kwenye matatu, kazini, kwenye kundi la WhatsApp la mliosoma pamoja. Nitabaki vipi rafiki na mtu anayetetea upande ule? Jibu la haraka huwa moja. Msimamizi wa kundi anaandika: "Hapa siasa hatutaki." Wiki mbili baadaye kundi limezima. Limebaki la rambirambi, michango ya harusi na "heri ya kuzaliwa". Watu hawajapatana. Wamenyamaza tu.

Leo tuangalie historia ya jambo hili. Sheria ya hapa mnaijua: hatutaji jina la mwanasiasa wala la chama. Mwenye kutafuta kampeni atazipata kwingine, hazijawahi kukosa.

2/
Kuna hadithi tunapenda kujisimulia: ati zamani Wakenya walikuwa na heshima, halafu simu ikaja ikatuharibu. Tuseme ukweli, si hivyo. Watu wa nchi hii wamebishana vikali tangu kabla nchi yenyewe haijaitwa Kenya.

Kilichokuwepo ni utaratibu. Mahali pa kubishania palijulikana. Zamu ya kusema ilijulikana. Kulikuwa na mtu wa tatu anayesikiliza, na muda wa kufikiri kabla ya kujibu. Utaratibu huo ukivunjika, hata watu wapole huumizana. Ukiwepo, hata wakali huenda nyumbani wakiwa bado marafiki. Hiyo ndiyo hoja ya uzi huu. Sasa ushahidi.

3/
Tuanzie pwani. Nenda Mombasa Mji wa Kale au Lamu, uangalie nyumba za zamani. Nje ya mlango utaona kibao cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta. Hiyo ndiyo baraza. Kabla neno hilo halijawa na maana nyingine, baraza ilikuwa mahali pa kukaa jioni, kahawa ikipita, habari zikichambuliwa.

Angalia ujanja wake. Baraza iko nje, si ndani. Mwenye nyumba yupo, lakini hajakualika sebuleni kwake. Wapita njia wanasikia. Ukimtukana mwenzako pale, mtaa mzima umesikia, na kesho asubuhi utapita hapohapo ukienda sokoni. Aibu ilikuwa askari tosha.

4/
Na siasa ya pwani haikuwa ya mzaha. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mombasa na Lamu zilikuwa mahasimu kabisa, hadi zikapigana vita Shela, yapata mwaka 1812. Katika miaka hiyo ya uhasama, washairi wa pande mbili walijibizana kwa tungo. Upande wa Mombasa jina kubwa ni Muyaka bin Haji. Lamu nayo ilikuwa na washairi wake, na hawakuwa wanyonge.

Tungo hizo zilikuwa na vijembe, mafumbo na vitisho. Hakuna aliyekuwa akibembeleza mwenzake. Lakini mtu hakuweza kujibu kwa kupayuka. Ilibidi ashike mizani, ashike vina, alielewe fumbo la mwenzake ndipo alifumbue. Yaani kabla hujampinga, umemsikiliza kweli.

5/
Msinielewe vibaya. Mashairi hayakuzuia vita vya Shela. Watu walikufa. Ninachosema ni kwamba jamii ile ilikuwa na njia ya kupigana kwa maneno, na njia hiyo ilibaki hata baada ya mapanga kurudi alani. Hadi leo ukifungua ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo utakuta malenga wanaulizana maswali na kujibizana, kila mmoja kwa jina lake. Jibu linachukua siku. Hasira ya saa tatu usiku haifiki gazetini asubuhi.

6/
Mfano wa karibu zaidi: Lamu Mashariki, uchaguzi wa 1974 na uchaguzi mdogo uliofuata 1975. Wafuasi wa pande mbili walitunga mashairi ya kampeni, yakarekodiwa kwenye kaseti, kaseti zikapita nyumba hadi nyumba. Mojawapo ya tungo hizo, "Kimondo", linajulikana na wasomi wa fasihi mpaka leo.

Kaseti ndiyo iliyokuwa "fowadi" ya wakati huo. Zilikuwa kali, ziliuma, na visiwani watu ni jamaa: unayempinga ni shemeji, mwalimu wa mtoto wako, jirani wa msikitini. Lakini tofauti na fowadi ya leo, shairi linahitaji mtu kukaa akalitunga. Na upande wa pili unajibu kwa shairi. Ubishi ulikuwa na gharama, na gharama ile ilichuja mengi.

7/
Sasa turudi kwa lile neno, baraza. Bara, chini ya ukoloni, lilichukua maana nyingine: mkutano ulioitwa na chifu. Chifu anasimama, wananchi wanakaa kwenye nyasi. Chifu anasema, wananchi wanasikiliza. Maswali ni machache, na ukiuliza lile gumu unaandikwa jina.

Mpaka leo Mkenya akisikia "baraza" anafikiria hilo la chifu kabla ya kile kibao cha mawe. Neno lilianza kama mahali pa watu kuongea wao kwa wao, likaishia kuwa mahali pa mtu mmoja kuwaongelesha. Uhuru ulipokuja 1963, tabia hiyo haikufungasha virago na wakoloni.

8/
Kulikuwa pia na sheria. Chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, iliyotungwa enzi za ukoloni, mkutano wa hadhara ulihitaji leseni. Leseni! Kama ya kuuza pombe. Sheria hiyo ilibaki miaka mingi baada ya uhuru, hadi marekebisho ya 1997 yalipobadilisha leseni kuwa taarifa kwa polisi.

Fikiria vizazi viwili vimekua wakijua kuongea siasa hadharani ni kitu cha kuombewa ruhusa. Watu hao wangejifunzia wapi kutofautiana vizuri? Tulijifunza mambo mawili tu: kupiga makofi mbele ya watu, na kunong'ona gizani.

9/
Juni 1982 katiba ikabadilishwa, Kenya ikawa rasmi nchi ya chama kimoja. Kwenye baa watu waliangalia nyuma kabla ya kusema. Wazazi waliwaambia watoto, "Hayo usiyarudie shuleni."

Kwa juu juu palikuwa na adabu nyingi sana. Hakuna aliyetukana mtu kwa sababu ya chama, chama kilikuwa kimoja. Lakini ile haikuwa heshima, ilikuwa hofu imevaa suti. Tukumbuke hili, kwa sababu bado kuna watu wanaochanganya vitu hivi viwili: wakiona kimya, wanadhani ni amani.

10/
Halafu ikaja mlolongo. Vijana, kaeni hapa kidogo.

Mapema 1988, katika mchujo wa chama, watu hawakupiga kura ya siri. Walipanga foleni nyuma ya mgombea wao, au nyuma ya picha yake au wakala wake, mchana kweupe. Mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja hadi bungeni, bila uchaguzi mwingine. Malalamiko yalitapakaa nchi nzima kwamba kuna mahali mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu.

Tumezoea kuzungumzia wizi wa kura wa mwaka ule. Tuzungumzie kidogo urafiki pia.

11/
Kwenye mlolongo, jirani yako anakuona. Mwajiri wako anakuona. Mwenye duka anayekukopesha unga anakuona umesimama nyuma ya picha ya mtu asiyemtaka. Huwezi kusema "hiyo ni siri yangu". Kura imekuwa tangazo.

Wachungaji waliliona mapema. Mwaka 1986, mpango huo ulipotangazwa, wachungaji waliokusanyika chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa waliupinga. Hoja yao ilikuwa rahisi. Mchungaji atasimama vipi nyuma ya mgombea mmoja mbele ya waumini wake, wakati nusu yao wako foleni nyingine? Jumapili atawahubiria vipi? Walielewa kwamba kuna mahusiano yanayohitaji mtu asilazimishwe kujitangaza.

12/
Kura ya siri ilirudi, na leo iko ndani ya katiba ya 2010, Kifungu cha 81. Tunaifikiria kama kinga dhidi ya serikali. Ni kinga ya urafiki pia. Inakupa haki ya kukaa na mtu miaka 20, mkalea watoto pamoja, bila yeye kujua ulimpigia nani.

Sasa jiulize tunafanya nini mitandaoni. "Mbona umenyamaza? Sema uko upande gani!" "Kunyamaza ni kuunga mkono!" Tumerudisha mlolongo, safari hii bila chifu wala polisi. Tunapangana foleni wenyewe. Kiongozi ana wajibu wa kusema msimamo wake, anakula mshahara wetu. Rafiki yako hana deni hilo kwako.

13/
Desemba 1991 mfumo wa vyama vingi ulirudi. Furaha ilikuwa kubwa, na pamoja nayo kukaja sumu. Kati ya 1991 na 1993 mapigano yalilipuka Bonde la Ufa na sehemu za magharibi mwa nchi. Watu waliuawa, wengi wakafurushwa kwenye mashamba waliyoishi kwa miaka.

Neno moja la wakati huo lilikaa: "madoadoa". Watu waliozaliwa pale, waliochimba visima na majirani, wakaitwa doa. Doa kazi yake ni kuondolewa. Unaona mchezo? Hakuna aliyejibu hoja ya mtu. Alipewa jina ambalo ndani yake tayari kuna hukumu. Mwaka 2022 Tume ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa (NCIC) ilitoa orodha ya maneno ya kuchunga wakati wa kampeni, na hilo lilikuwemo. Miaka 30 baadaye bado lilikuwa na meno.

14/
Lakini miaka hiyohiyo ya mapema 1990 ilizaa kitu kingine. Katika bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, watu wa kawaida walianza kukutana kujadili nchi. Wachuuzi, vijana wasio na kazi, watu waliokuwa wakipumzisha miguu. Wakajiita Bunge la Mwananchi. Miji mingine nayo ikapata mabunge yake ya mtaani.

Polisi wamewahi kuwatawanya na kuwakamata. Wamerudi. Makelele yapo, mate yanaruka. Lakini kuna anayeongoza zamu, kuna kelele ya "mwacheni amalize!", na kuna umati ambao hauko upande wowote, umekuja tu kusikia. Ukileta uongo, kuna mtu pale anayelijua jambo, na atakuumbua mbele ya watu. Ile baraza ya mawe ilikuwa imerudi, safari hii kwenye benchi za bustani.

15/
Kisha 2007. Tulipiga kura Desemba 27, matokeo ya urais yakatangazwa Desemba 30, na nchi ikawaka. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Mamia ya maelfu walikimbia makwao.

Kabla ya panga kulikuwa na maneno. Ripoti ya tume hiyo ilizitaja redio za lugha za mama kwa kuchochea chuki. Meseji za simu nazo zilisambaa, nyingi bila mwenyewe kujulikana. Linganisha na kaseti za Lamu. Meseji haikuwa na mtunzi, haikuwa na mizani, na haikuchukua hata dakika. Msikilizaji wa tatu hakuwepo: ni wewe, simu yako na woga wako, saa tano usiku.

16/
Wakenya waliokuwa mtandaoni wakati ule wanaikumbuka Mashada. Ilikuwa jukwaa kubwa la Wakenya wa nyumbani na wa ughaibuni, watu wakipiga stori za kila aina. Januari 2008 lilifungwa. Waliolisimamia waliona chuki ya kikabila imewazidi nguvu. Badala yake wakafungua tovuti yenye ujumbe wa "sina kabila", watu waandike kuhusu kuwa Mkenya.

Nia ilikuwa njema, sibezi. Lakini angalia tulichopoteza. Wale watu walikuwa wakiongea kwa miaka. Walipohitaji mahali pa kuongea kuliko wakati mwingine wowote, mahali pakawa hapakaliki. Halikuwa kosa la teknolojia peke yake. Hapakuwa na utaratibu wa kubeba uzito ule.

17/
Februari 28, 2008, wakubwa walitia saini mkataba wa kugawana mamlaka mbele ya kamera. Ofisi zikagawanywa, magari yakagawanywa. Tangu hapo tumeona mahasimu wangapi wakipeana mikono? Machi 9, 2018 tuliona tena, ngazini pale Harambee House. Na haitakuwa ya mwisho.

Wazee walisema: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Wanasiasa ndio ndugu hapa. Wewe uliyewapigania ukapoteza rafiki wa shule ya msingi, kapu lako liko wapi? Wao wanakunywa chai pamoja. Wewe na rafiki yako bado mmeblokiana tangu 2017.

18/
Lakini hapa lazima tuwe waangalifu, kwa sababu hoja ya "tuishi kwa amani" nayo imewahi kutumika vibaya.

Baada ya uchaguzi wa 2013 wimbo ulikuwa mmoja: kubali, tuendelee. Anayeuliza swali kuhusu kura anaambiwa anataka kuchoma nchi. Marafiki waliwaambia marafiki, "Yaishe bana, tuendelee na maisha." Ilisikika kama upole. Kwa aliyekuwa na uchungu, ilikuwa mkono mdomoni.

Halafu Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, jambo ambalo halikuwa limetokea Afrika. Uwe ulifurahi au ulikasirika siku ile, somo ni moja: kuhoji hakukuwa ukosefu wa adabu. Kulikuwa na hoja, na mahakama iliisikiliza.

19/
Kwa hiyo adabu isiwe jina lingine la kunyamazisha watu. Kuna rafiki yako ambaye nyumba yao iliteketezwa 2008. Kuna mwingine ambaye ndugu yake alipigwa risasi kwenye maandamano. Hao hawaongei "siasa" kama unavyoongea wewe matokeo ya ligi. Ukimwambia "punguza hisia", umemwomba abebe mzigo wake na wako pia, ili jioni yako isiharibike.

Heshima ya kweli humpa nafasi aliyeumia aseme kwanza. Unaweza kutokubaliana naye kuhusu dawa. Usibishane naye kuhusu kidonda chake.

20/
Sheria nayo inasemaje? Katiba, Kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza. Kifungu hichohicho kinasema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki, na kwamba anayeutumia aheshimu haki na sifa za wengine. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, iliyozaliwa na machungu ya mwaka ule, ilifanya matamshi ya chuki ya kikabila kuwa kosa la jinai.

Vizuri. Lakini sheria huchora ukingo wa shimo tu. Haikufundishi kutembea. Kati ya "sitakushtaki" na "tubaki marafiki" kuna nafasi kubwa, na hapo ndipo sisi wengi tunaishi.

21/
Juni 2024 tuliona kitu kipya. Mswada wa Fedha ulijadiliwa na vijana kwa lugha ya mtaani. Vifungu vilifafanuliwa kwa video fupi, kwa lugha za mama, hata kwa lugha ya ishara. Maelfu kwa maelfu walikaa kwenye mijadala ya sauti mtandaoni hadi usiku wa manane, wakipokezana maikrofoni. Walisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi.

Damu ilimwagika mwezi ule, na hatuwezi kuitaja harakaharaka kama taarifa ya hali ya hewa. Ila upande wa mazungumzo, ona kilichofanyika. Watu hawakuanza na "wewe ni wa nani?" Walianza na karatasi: kifungu kinasema hivi, kodi ya mkate ni hii, wewe unasomaje? Palipo na karatasi mezani, watu wa nyumba tofauti wanaweza kuangalia kitu kimoja.

22/
Sasa turudi kwenye kundi lako la WhatsApp. Historia inatuachia nini? Mimi naona mambo matano, na mnaweza kuongeza.

Moja: wekeni mahali. Badala ya "siasa hatutaki", fungueni kundi la pembeni la siasa, anayetaka aingie. La rambirambi libaki la rambirambi. Hiyo ndiyo baraza, nje ya sebule.

Mbili: wekeni mtu wa zamu. Wasimamizi wawili, wa misimamo tofauti, wanaokubaliana jambo moja: mtu akimaliza hoja, ajibiwe hoja. Mmoja akipendelea, mwenzake yupo.

23/
Tatu: rudisheni gharama. Malenga alichukua siku kujibu. Wewe chukua hata saa moja. Kabla ya kujibu, andika kwa maneno yako rafiki yako amesema nini, umuulize, "Ni hivyo?" Mara nyingi atakwambia sivyo. Mlikuwa mnagombania kitu ambacho hakuna aliyekisema. Na fowadi isiyo na mwenyewe usiisambaze. Kama huwezi kuitia sahihi yako, kwa nini uipe rafiki yako?

Nne: usimlazimishe mtu kwenye mlolongo. Akisema "hilo sitasema", mwache. Muulize kuhusu bei ya unga, kuhusu shule ya watoto, kuhusu zahanati isiyo na dawa. Hapo mtaongea siasa kuliko mkitaja majina.

24/
Tano, na hii msiiruke: kuna mpaka. Mtu akisema kodi ipande, huo ni msimamo. Akisema kiongozi fulani anafaa, huo ni msimamo, hata kama unakukera. Akisema jirani zako ni madoadoa, ni mende, waondolewe, huyo hajatoa maoni. Ametangaza nia.

Muambie mara moja, wazi, mbele ya wale waliosikia, kama walivyofanya watu wa baraza. Wengi hujirudi, kwa sababu walikuwa wanarudia walichosikia. Asipojirudi, bloki ipo, itumie bila kujilaumu. Urafiki haudai ukae meza moja na mtu anayepanga kukutoa nyumbani kwako. Tatizo letu ni kwamba tunawabloki wa kodi, na wale wa madoadoa tunawatumia vikaragosi vya kucheka.

25/
Mtu atauliza: haya yote ya nini, si tungoje uchaguzi upite?

Ni kwa sababu ya ushahidi ule wa 2008. Mahali pengi, mtu aliyeokoka aliokolewa na jirani wa upande wa pili: aliyemficha darini, aliyempigia simu kumwambia "usipite njia hiyo", aliyesimama langoni akasema "hapa hakuna mtu". Jirani huyo hakuzaliwa usiku ule. Alitengenezwa na miaka ya kukopeshana chumvi, kutaniana na kubishana bila kuachana. Ukimfukuza leo kwa sababu ya bango la kampeni, siku ukimhitaji utapiga nambari gani?

26/
Kura inayofuata ni Agosti 2027. Mabango yatapandishwa, nyimbo zitapigwa, na wale wakubwa watabadilisha mashua katikati ya ziwa kama walivyozoea. Wewe hapo ulipo, fikiria jina moja la mtu mliyeachana naye kwa ajili ya siasa. Hakuna haja ya kuandika insha wala kuomba mjadala uanze upya. Mtumie "Niaje, mko salama?" uone.

Unayepinga chochote humu, karibu kwenye majibu. Leta hoja, tutajibu hoja. Na anayetaka kutukana, atutukane kwa shairi. Mizani kumi na sita kila mstari, na vina vikae.

Mwisho wa uzi.